Umelala Wapi?

Mwezi Juni wa mwaka 1984, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, nilipewa kazi niliyoipokea kwa furaha. Mkuu wa shule alitaka kila mwalimu wa Kiswahili atumie likizo yake kukusanya habari za utamaduni wa sehemu moja ya mkoa wetu, ili wanafunzi wasome juu ya wazee wao wenyewe, wala si juu ya wafalme wa Ulaya peke yao. Wenzangu walichagua Pangani na Handeni. Mimi nilichagua Lushoto, na nilikuwa na sababu. Mama yangu mzazi alikuwa Msambaa wa upande wa Vuga. Aliteremka bondeni akiwa msichana, akaolewa katika kambi ya mkonge, asipande tena mlimani isipokuwa kwa misiba. Kisambaa nilikisikia kwake alipokasirika na alipoimba. Mimi mwenyewe sikukisema.

Nilikuwa na siku nne na fedha kidogo. Swali la kwanza, ambalo nililiona dogo kuliko yote, lilikuwa hili: nitalala wapi? Ningeweza kulala Lushoto mjini, karibu na boma na soko. Ningeweza kushukia Soni, pale barabara itokayo Mombo inapogawanyika. Na ningeweza kulala kwa mjomba, kaka wa mama yangu, kijijini, mwendo wa kupanda kwa miguu kutoka Soni. Nilimwandikia mjomba barua kwamba wiki ile nitakuwa milimani, nami nitamjia. Sikuandika kwamba nitalala kwake, wala sikuandika kwamba sitalala kwake. Jambo hilo niliacha likining'inia, nikidhani kwamba nimetumia adabu.

Kwa hakika nilikwisha kuamua. Nilitaka meza, taa na mlango wa kufunga. Nilijiambia kwamba mtafiti hana budi kuwa huru, asifungwe na chakula cha jioni cha watu na maswali ya watoto. Hiyo ndiyo sababu niliyoiandika katika daftari. Sababu nyingine sikuiandika: niliona haya ya nyumba ya udongo ambayo mama yangu aliizungumza kwa fahari kubwa hivyo. Niliogopa kwamba nitakapoiona itakuwa ndogo.

Basi nikapata chumba katika nyumba ya wageni mjini, nikakaa siku tatu.

Sisemi kwamba Lushoto ni mji mbaya. Upo kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na yule atokaye katika joto la Mombo, gari likipanda na kuzunguka korongo baada ya korongo, hushuka pale akidhani kwamba amevuka mpaka wa nchi. Lakini mji huu una asili yake, na asili hiyo haifai kusahauliwa na mtu anayekwenda kutafuta utamaduni. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Wasambaa, huko Mazinde. Baada ya hapo utawala wao ukajikita milimani, na mahali hapa wakapaita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo, mwaka 1905, safari ya kupanda ikawa nyepesi zaidi, na maofisa wa Dar es Salaam wakapata pahali pa kukimbilia joto. Walipanda maua ya kwao, wakajenga nyumba zenye paa kali kama za kwao. Ni mji uliojengwa ili watu fulani wapumzike kutokana na joto la pwani, na, nadhani, kutokana na wenyeji pia. Waingereza walipowarithi hawakuona haja ya kubadili shabaha hiyo.

Mimi nami nikapumzika. Asubuhi nilikwenda kutazama boma. Mchana nilikwenda Irente, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ikaonekana chini kama mkeka uliotandazwa. Jioni nilikaa mezani, nikaandika. Bwana mmoja aliyekuwa na nafasi alinieleza mila za Wasambaa zote, kuanzia kuzaliwa hadi kuzikwa, katika muda wa chupa mbili za soda. Aliyasema kwa mpangilio mzuri mno. Nilipomwuliza jambo lisilokuwamo katika mpangilio wake alirudi mwanzo. Nilitambua baadaye kwamba alikuwa ameyasema hayo mara nyingi kwa wageni wengi, na kwamba mimi nilikuwa mmoja wao tu.

Siku ya tatu, sokoni, bibi mmoja aliyeleta viazi na kabichi kutoka upande wa Magamba alinitazama sana usoni, kisha akaniuliza kwa Kisambaa, na nilipobabaika akaniuliza kwa Kiswahili: “Wewe mwana wa nani?” Nilicheka, nikanunua viazi nisivyokuwa na pa kuvipikia, nikaenda zangu. Hilo ndilo swali pekee la maana nililoulizwa katika siku tatu, nami nililikimbia.

Siku ya nne nilipanda gari hadi Soni. Nilipanga kumwamkia mjomba asubuhi na kuwa Mombo kabla ya jioni. Nilipouliza njia, mzee mmoja aliyekaa mbele ya duka alinitazama mkoba wangu.

“Wewe ndiwe mpwa wake?”

“Ndiye mimi, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Amekuja kukungoja hapa siku mbili, kila gari likifika. Jana mvua ilimnyeshea.”

Msomaji, kutoka Soni hadi kijiji kile ni kupanda mfululizo, na mwezi Juni ukungu huwa mzito asubuhi. Nilipanda nikitunga maneno. Migomba ilianza kusongamana pande zote mbili za njia, na katikati yake nyumba, na mbele ya nyumba moja alikuwa ameketi mtu mwenye koti kuukuu, ambaye sura yake ilikuwa ya mama yangu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Umelala wapi?”

“Lushoto, mjomba.”

“Na juzi?”

“Lushoto.”

“Kwa nani?”

“Katika nyumba ya wageni.”

Alinyamaza kidogo. Hakukunja uso. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kufahamu jambo: “Kwani wewe ni mgeni?”

Maneno yote niliyoyatunga njiani yakanipotea.

Hakuniuliza tena. Alimwita mkewe, nami nikaingizwa ndani, nikapewa chai. Wenye umri wangu wanaikumbuka miaka ile: sabuni, mafuta na sukari vilikuwa adimu, na duka la kijiji lilipopata sukari iligawiwa kwa kipimo. Chai ile ilikuwa tamu. Mke wa mjomba alinieleza, bila nia yoyote ya kunichoma, kwamba nusu kilo ile aliiweka tangu barua yangu ilipofika, na kwamba watoto walikuwa wakinywa uji wa chumvi. Chumba cha nyuma palikuwa na kitanda cha kamba cha marehemu bibi yangu, kilichotandikwa. Blanketi hapakuwa nalo. Waliliazima kwa jirani, likakaa siku mbili likiningoja, kisha wakalirudisha asubuhi ileile, kwa kuwa ilikuwa dhahiri kwamba siji. Sasa mtoto alitumwa kwenda kuliazima tena. Nilimwona akikimbia kati ya migomba. Nilitamani nimzuie, nikaona kwamba kumzuia kungekuwa kosa la pili.

Nililala. Nilichelewa kurudi kazini kwa siku moja na nikapata barua ya onyo, ambayo ninayo hata leo.

Usiku ule walikuja wazee wanne. Daftari langu lilikuwa tayari, lakini halikupata nafasi, kwa kuwa wao ndio waliokuja kuniuliza. Mama yangu anaendeleaje? Ana watoto wangapi? Kwa nini hakuja kumzika dada yake mdogo? Baba yangu alitoa nini, na nani aliyepokea? Nilijibu niliyoyajua. Mengine walijijibu wenyewe kwa kubishana, na katika kubishana kwao nikasikia, kwa mara ya kwanza, jinsi mama yangu alivyoondoka: kwamba shamba la baba yake lilikuwa dogo, kwamba ilikuwa miaka ile Waingereza walipolazimisha watu kuchimba matuta milimani kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu iliyochukiwa hata watu wakaipinga kwa pamoja, na kwamba alikwenda mkonge kwa ndugu yake wa kiume ili asiuchimbe mlima wa watu kwa jembe. Katika somo langu la historia nilikuwa nimefundisha habari za matuta ya Usambara miaka miwili. Sikujua kwamba nimezaliwa kwa sababu yake.

Kisha mazungumzo yakamfikia Mbegha, kama yanavyomfikia kila usiku wa namna ile.

Habari zake nilizisoma katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kilichopigwa chapa kwanza Magila tangu mwaka 1895 na kutolewa tena mwaka 1962. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu, aliyekataliwa na ndugu zake kwa sababu meno yake ya juu yalitangulia kuota. Alizunguka porini na mbwa wake akiua nguruwe, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Mwisho watu wa Vuga walimkaribisha, akaua simba, akatawala. Hayo yote nilikuwa nayo katika daftari. Lakini mzee mmoja alisema jambo ambalo nilikuwa nimelisoma nisilione. Alisema: “Mbegha alipolala porini alikuwa mwindaji. Nyama yake tulikula, tukamshukuru, basi. Alipolala kwetu tukampa mke, na mwana wa mke huyo ndiye Buge, aliyetawala baada yake. Huyo alikuwa na wajomba hapa.” Mjomba wangu alikuwa akichochea moto. Hakuinua kichwa.

Ni lazima niseme pia, ili nisionekane natengeneza hadithi, kwamba Vuga ya zamani haikuwa mahali pa kila mtu kuchagua kitanda. Mwingereza Burton aliyefika huko mwaka 1857, wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliukadiria mji kuwa na vibanda 500 na watu 3,000, akaeleza kwamba wageni walikatazwa kuingia, kwa kuwa sehemu yake ilikuwa makao ya wake za mtawala. Aliyechagua pa kumlaza mgeni alikuwa mwenyeji. Nilipolisoma hilo, miaka mingi baadaye, nilicheka peke yangu: msafiri yule alitamani kuingia akazuiwa, na mimi niliyewekewa kitanda ndani nikakikimbia.

Tangu mwaka ule nimepanda Usambara mara nyingi, mara nyingine peke yangu, mara nyingine na wanafunzi, na swali la malazi nimelifikiria kuliko nilivyofikiria maswali mengine ya safari. Walimu wenzangu huniuliza wawapeleke wapi vijana wao. Siwezi kuwajibu kwa neno moja, maana milima hii haina kitovu kimoja, na kila mahali husema lake.

Anayelala Vuga atasikia habari za Wakilindi. Ni habari kubwa, lakini ni za watawala, na zina upande wa giza. Huko sikuwahi kusikia lolote juu ya Wambugu, wafugaji wanaokaa milimani humo humo, ambao lugha yao ya Kima'a imewashangaza wataalamu kwa kuwa sarufi yake ni ya Kibantu na sehemu kubwa ya maneno yake ina asili ya Kikushi. Ili niwasikie nililazimika kwenda kulala kwenye nyanda za juu zaidi, kwenye baridi kali, katika nyumba ambayo waliicheka Vuga tangu jioni hadi tukalala. Mjomba hakufurahi nilipomsimulia.

Anayelala Mlalo ataona kijiji kikubwa kilichoshikamana mteremkoni, na mahali ambapo wamisionari wa Kilutheri walianza kazi yao mwaka 1891. Huko ndiko pa kujifunza jinsi nyimbo na desturi za watu zilivyoingia kanisani, na zipi zilizobaki mlangoni.

Na anayelala Mtae, kwenye ncha ya kaskazini ya mlima, ataelewa kwa macho jambo lisiloelezeka darasani. Wasambaa hutofautisha Shambaai, nchi ya juu yenye ubaridi na migomba, na nyika, nchi ya joto iliyo chini. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini vijiji vingi vikubwa vya kale vipo ukingoni kabisa, ambako upepo ni mkali. Steven Feierman, Mmarekani aliyefanya utafiti milimani humu katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake juu ya ufalme wa Wasambaa mwaka 1974, ameeleza kwamba mkulima wa ukingoni aliweza kulima pande zote mbili: mvua ikikosa nyikani ana shamba la juu, na la juu likiharibika ana la chini. Nilisoma hilo nikalikubali. Lakini niliamini nilipoamka Mtae kabla ya jua, nikawaona wanawake wa nyumba niliyolala wakiteremka na majembe kuelekea nyikani, na jioni wakipanda na mizigo kichwani, wakipumzika mara moja tu. Mtu aliyelala Lushoto akafika Mtae saa nne kwa gari hawaoni. Ataona mandhari.

Semboja, mwana wa Kimweri, aliupima ukingo huo kwa namna yake. Aliiacha milima, akaketi Mazinde chini, kando ya njia ya misafara, akapata bunduki na nguvu za biashara, hata Vuga yenyewe ikashindwa naye. Hata kwa watawala, mahali pa kulala hapakuwa jambo la starehe.

Je, asiye na mjomba? Vijana wangu wengi hawana mtu milimani. Tangu miaka ya 1990 wenyeji wa Lushoto wamejipanga kupokea wageni, kuwaongoza kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, na kuwalaza katika nyumba zao kwa malipo. Wako wanaosema kwamba ukarimu ukiuzwa si ukarimu tena. Mimi sikubaliani nao kwa urahisi. Mke wa mjomba wangu alinywesha watoto uji wa chumvi kwa ajili yangu, na sioni utamaduni wowote mtukufu katika jambo hilo. Angelipwa bei ya sukari ile ningefurahi. Ninaloliogopa ni jingine: kwamba mgeni aliyelipa hupumzishwa maswali. Hupewa chumba, huachwa aulize yeye, naye hurudi kwao akiwa na majibu tu. Kwa hiyo ninapopeleka wanafunzi huwaomba wenye nyumba jambo moja, na wengi wao hucheka wakadhani natania: wawaulize vijana hawa wana wa nani, wametoka wapi, wazee wao wamezikwa wapi. Na vijana nao lazima wajibu kabla ya kufungua madaftari. Safari moja msichana wa kidato cha tatu, mzaliwa wa Dar es Salaam, alishindwa kutaja jina la kijiji cha bibi yake. Mama mwenye nyumba hakumsimanga. Alimwambia aulize atakaporudi, kisha amtumie jibu. Nasikia alituma.

Mjini Lushoto hatulali tena, lakini tunashinda siku nzima. Ninawapeleka bomani, ninawaeleza habari za Mputa, kisha ninawaacha sokoni saa tatu bila kuwapa kazi yoyote.

Mjomba wangu alifariki mwaka 1997. Nyumba ya udongo imebomolewa, na binamu yangu amejenga ya matofali yenye bati, yenye chumba cha wageni na mlango wa kufunga. Kitanda cha bibi kipo katika chumba hicho, kwa kuwa alikataa kukitupa. Mara ya mwisho niliyokwenda gari letu liliharibika chini ya Soni, giza likatukuta, nikalala kwa mwalimu mwenzangu karibu na barabara. Asubuhi nilipofika juu, binamu yangu alikuwa mlangoni. Aliitikia salamu yangu, akaniuliza nimelala wapi, nami nikamweleza kwa urefu habari za gari, fundi, giza na jina la mwenyeji wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapokea mfuko wangu, akaupima kwa mkono, akajua kwamba nimeleta sukari, ingawa siku hizi imejaa katika kila duka la kijiji.